Gari Lililovalishwa Pete za Ngozi

Manju wetu siwezi kumsema vizuri, na mtu asinitake nijaribu. Alikuwa mtu wa kelele na tumbo. Sisi vijana wa kundi lake la mbina, ngoma zetu za mashindano, tulimlimia pamba kule upande wa Lagangabilili, msimu baada ya msimu, maana kwetu ndivyo ilivyokuwa miaka ile ya hamsini: ukicheza ngoma kwa manju, unamlimia manju. Yeye alikaa pembeni akituimbia. Kuimba kwenyewe, ukiniuliza mimi, kulikuwa kukoroma kwa mpangilio. Lakini watu walimpenda. Watu hupenda vitu vya ajabu. Jirani yangu wa sasa anampenda punda wake kuliko mkewe, ila hayo tuyaache.

Asiyejua mbina zetu aelewe hivi. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, hawa huku na wale kule. Watazamaji wanakwenda wanakopendezwa. Mwenye watu wengi ndiye mshindi, basi. Hakuna hakimu wala nini. Kwa hiyo kila manju hutafuta kitu cha kuvuta watu. Mwaka mmoja wapinzani wetu wa ng'ambo ya mto walileta chatu. Chatu mzima! Watu wote wakatukimbia, hata shangazi yangu mwenyewe, tukabaki tunachezea vumbi. Vijana wakaanza kunong'ona kwamba tukishindwa tena wanahamia kule. Na wakihama, nani atalima pamba ya bwana mkubwa? Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Si ngoma. Pamba.

Ndipo akanunua gari. Kwa jasho letu, nalisema wazi. Kigari cha zamani cha kabla ya vita, alichokiacha Mzungu mmoja aliyerudi kwao, kimevimba mgongo kama chura. Mpango wake ulikuwa aingie uwanjani amesimama juu ya paa la gari, anaimba, na mpwa wake anaendesha.

"Chatu anatembea kwa tumbo," alituambia. "Mimi nitakuja kwa moto na chuma!"

Tukapiga vigelegele. Wajinga sisi.

Tatizo likawa magurudumu. Ya gari lile yalishikwa kwa bolti, zile unazozipitisha kwenye rimu na kuzikaza ndani ya habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Manju alikuwa anazikaza mwenyewe, kwa spana iliyounganishwa na bomba, huku amejining'iniza kwa uzito wake wote, ili wapita njia waone kwamba ana gari. Matundu ya habu yakaliwa uzi, ile mikato inayoishika bolti. Bolti zikawa zinazunguka tu, hazishiki.

Akaitwa fundi kutoka ginari ya Bariadi, kiwanda cha kuchambulia pamba. Mlevi mmoja mwenye maringo, ugali wetu hakuugusa, alikula mkate wake aliokuja nao umefungwa kwenye karatasi. Akachungulia, akatema mate.

"Mzee, hapa bolti zimekwisha kazi. Nitatoboa upya, nikate uzi mkubwa, niweke stadi."

"Stadi ndiyo nini?"

"Chuma kinachokaa kwenye habu moja kwa moja, hakitoki. Kimechomoza hivi, kama kidole. Gurudumu unalitundika hapo, kisha unafunga nati kwa nje."

"Linatundikwa kama kibuyu?" aliuliza mke wa manju, aliyekuwa akisuka maziwa kwenye kibuyu pale karibu.

"Nyamaza, mama," manju akafoka. "Haya ni mambo ya magari."

"Hata mimi nimeliona ni gari, baba," mama akajibu, akaendelea kusuka.

Fundi akaifanya kazi yake, na ilikuwa kazi kweli. Stadi zilisimama zimenyooka, alizitoa kwenye lori lililokufa. Alipokuwa anaondoka akasema, "Mkishatembea kidogo, mkaze nati tena."

Loo, kosa! Manju akageuka rangi. "Tena? Kwani hujakaza?"

"Nimekaza. Ila mnakaza tena."

"Mmesikia wenyewe," manju akatuambia fundi alipokwisha kupotea njiani. "Anakiri kwa mdomo wake kwamba hajafunga. Mtu huyu ametumwa na watu wa ng'ambo."

Akamwita mganga wake. Mganga naye, mtu aliyekuwa haoni vizuri hata mlango wa nyumba yake, akalizunguka gari akilipapasa, akasema limekosa kitu. Kila mchezaji wetu kabla ya mbina alivaa pete ya ngozi ya mbuzi aliyechinjwa kwa ajili hiyo, ngozi mbichi yenye dawa. Gari je, si mchezaji? Litaingiaje uwanjani vidole vitupu?

Basi mbuzi akachinjwa. Nati zikafunguliwa zote, na kila kidole cha stadi kikavishwa pete ya ngozi mbichi, katikati ya rimu na nati, imepakwa dawa na samli. Kisha manju akakaza. Ngozi ikabonyea, nati zikazama, akasema, "Mnaona zinavyokula? Huyo mlevi hakufikisha hapa!"

Asubuhi ya mbina tulilifuata gari mbio, mwendo mrefu, jua na vumbi. Ngozi mbichi ikilazwa juani unajua inavyokuwa: inakauka, inasinyaa, inabaki kama ganda la kitunguu. Kila mtu pale alikuwa amekulia kwenye ng'ombe na mbuzi. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka ngozi ni ngozi.

Tuliingia uwanjani vizuri, siwezi kukataa. Watu walimwacha chatu wakatukimbilia. Manju juu ya paa, miguu ameitanua, anakoroma wimbo wake. Gari likakata kona mbele ya umati, na gurudumu la mbele likatoka. Likaenda peke yake. Gari likapiga magoti, manju akashuka kwa kichwa, na lile gurudumu likavuka uwanja wote mpaka upande wa wapinzani, umati mzima unalifuata kwa vicheko.

Manju wa ng'ambo, mshenzi mwerevu, akalisimamisha kwa mguu, akalivisha shanga zake, akaimba papo hapo:

"Jirani katuletea mguu wake, mwingine ataleta kesho!"

Hakuna aliyerudi kwetu. Mganga alisema mbuzi alikuwa na rangi mbaya. Msimu uliofuata nililima ng'ambo ya mto, mimi na kundi zima, na shamba la manju likaota magugu.

Gari lilibaki uani kwake limelala ubavu kwenye mawe, halina gurudumu lile. Mkewe akaanza kutundika kibuyu chake cha maziwa kwenye stadi, anakisuka hapo kila asubuhi mumewe akimwangalia. Kwa miaka mingi nilipita pale. Kibuyu hakikuanguka hata siku moja.