Glasi ya Chai Juu ya Mota

Muuza vifaa vya umeme wa mtaa wa Bab el-Louk humwita kila mteja "mhandisi", hata aliyekuja kuulizia balbu. Ncha za vidole vyake zimebabuka kwa kulehemu nyaya, na kabla ya kujibu lolote hupuliza kaunta kana kwamba swali lako limeangusha vumbi. Wagdi, seremala kutoka Damietta, alikuwa amejiundia mashine ya kuchonga maua kwenye vitanda vya maharusi, lakini ilitetemeka hadi mawaridi yakatoka kama kabichi, na harusi ya mteja wake ilikuwa Alhamisi. Alihitaji draiva mpya, kile kibao cha umeme kinachoiamuru mota izunguke hatua kwa hatua.

"Tusibishane, mhandisi. Chai ndiyo hakimu," alisema muuzaji, akaiweka glasi yake juu ya mota ya majaribio pale kaunta, kama afanyavyo kila siku, akaanza kuiunganisha na draiva moja moja. Draiva ya kwanza ikamwaga chai mpaka kwenye shati la Wagdi. Ya pili ikaitikisa kidogo tu. Kwa ya tatu, ghali kuliko zote, chai ikatulia tuli, na muuzaji akafumba macho kwa fahari. "Umeona? Kama maji ya mtungini!"

"Nimeona, Haji," alisema Wagdi. "Ila mota yenyewe haizunguki."

Muuzaji akainama, akaitazama mota, akapuliza kaunta. Kisha akaichukua glasi, akaonja.

"Chukua ya pili, mhandisi," akasema. "Hiyo angalau imenikorogea sukari."