Sufuria ya Mtu Mmoja

Mwanamke aliyelisha shule nzima ya bweni mpaka mvi zikamwota jikoni alikuja kushindwa na kitu kimoja tu, chakula chake mwenyewe. Ukitaka kucheka, cheka, maana hata yeye alianza kwa kucheka. Wasichana wa shule walimwita Mama Bwalo, kwa sababu ya lile bwalo la chakula alilolitawala kwa mwiko mrefu kama kasia, na jina hilo likamfuata hadi kwenye chumba alichopanga baada ya kustaafu.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu, jiko likiwa kwenye pembe nyuma ya pazia, na dirisha likiangalia uchochoro ambako watu hupita wakienda kazini. Lakini kilikuwa chake. Alitoka kwa wazazi akaenda kwa mume, na mume alipofariki akahamia nyumba za wafanyakazi nyuma ya jiko la shule, ambako mlango wake uligongwa na yeyote aliyeona chumvi imepungua. Sasa aliamka jua likiwa limeshapanda, akachemsha chai, akakaa dirishani kuwatazama wenzake wakikimbizana na saa. Na alikula amekaa. Mpishi wa watu wengi hula wima, kijiko mkononi, jicho kwenye moto, na Mama Bwalo hakuwa akijua kwamba chakula kina ladha nyingine ukikilia kitini. Raha hiyo peke yake, alisema, inatosha kumfanya mtu astaafu.

Shida ilikuwa kiasi. Akipika wali wa mtu mmoja, unatoka wali wa harusi. Alichota mchele kwa mkono kama alivyozoea, akaona ni kidogo, akaongeza, akaona aibu, akaongeza tena. Aliyenufaika ni fundi cherehani wa chumba cha pili. Kila mchana alipita mlangoni pake akikohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa, sahani ameificha mgongoni. Kilichobaki baada ya fundi, Mama Bwalo alikipasha moto jioni, na kesho yake, na kesho kutwa, kwa sababu kumwaga chakula ni kazi ambayo mkono wake haukuiweza. Mwisho wake maharage yaliyolala sana yakamwangusha. Fundi, aliyekuja na sahani yake kama kawaida, alimkuta sakafuni amejikunja, midomo imemkauka, hana nguvu hata za kuita.

Bintiye alikuwa muuguzi, na muuguzi huwezi kumtuliza kwa kumwambia ni tumbo tu. Alikaa kando ya kitanda cha hospitali, akasubiri mama yake apate nguvu za kubishana, kisha akamwambia kwamba mwisho wa mwezi anahamia kwake. Kuna chumba cha watoto, watabanana. Mama Bwalo akasema hahami. Binti akasema anahama. Ugumu wa kichwa mmoja alikuwa ameurithi kwa mwenzake, kwa hiyo mabishano hayo yaliwachosha hata wagonjwa wa vitanda vya jirani.

"Mama, mimi naogopa," binti akasema mwishowe, sauti ikimkatika. "Siku ile fundi asingekuja kula, mimi ningekuja kukuta nini?"

Maneno hayo yalimchoma Mama Bwalo kuliko sindano. Hakuwa na neno na nyumba ya bintiye. Mkwewe alikuwa mtu mpole, na wajukuu aliwapenda kupita kiasi. Lakini kule angekuwa mgeni asiye na siku ya kuondoka, amekaa mikono mapajani, akiulizwa kila saa kama ameshakula. Akaomba mwezi mmoja. Binti akakubali shingo upande, kwa sharti kwamba Jumapili ya mwisho atakuja kula chakula cha mchana. Kipikwe cha watu wawili, kiliwe, kiishe. Akikuta sufuria la shughuli jikoni na mabaki chini ya vifuniko, watafungasha siku hiyo hiyo.

Mama Bwalo akajifunga kibwebwe. Kwanza alikwenda sokoni kununua sufuria. Muuza vyombo alimletea moja, akaikataa kwamba ni kubwa. Akamletea nyingine, akaikataa. Alipoletewa ndogo kuliko zote, muuzaji akamwuliza kwa upole kama anamnunulia mjukuu ya kuchezea. Akajibu kwamba ni yake mwenyewe, akalipa, akaondoka nayo kifua mbele.

Kumbe sufuria ndogo ina ukorofi wake. Zile kubwa za shule zilikuwa na subira: unaibandika, unamenya vitunguu vya gunia zima, unagombana na mleta kuni, unarudi, maji ndiyo kwanza yanaanza kutoa mvuke. Hii ndogo, ukigeuka kufunga kilemba tu imeshaungua. Siku za mwanzo Mama Bwalo alikula wali mweusi chini na mbichi juu. Chumvi alitia kwa ngumi, kwa kuwa mkono ulikataa kabisa kutambua kitu kinachoitwa nusu kijiko. Na siku alipohitaji nusu ya kitunguu, alikaa akaitazama nusu iliyobaki kana kwamba imeachwa yatima. Maisha yake yote hakuwahi kubakiwa na nusu ya kitunguu. Akampelekea fundi, ambaye naye hakujua aifanye nini.

Aliunguza, akasugua, akarudia. Fundi alipokohoa mlangoni, alimfungulia akamwambia kwa heshima zote kwamba siku hizi jiko halina ziada. Fundi akasema si neno, akaondoka na sahani yake, na Mama Bwalo akarudi ndani akinyata kama mtu aliyeiba. Jioni hiyo alipika sufuria ikajaa mpaka kifuniko kikakaa upande.

Mwezi ulikuwa umefika katikati alipotokea Bi Stoo. Huyu alikuwa mtunza stoo wa shule ile ile, mwanamke aliyetembea na funguo kiunoni na ambaye hakuwahi kumpa mpishi punje moja ya ziada bila vita. Alistaafu mapema, wakapoteana. Sasa alisimama mlangoni amenenepa, miwani mipya usoni, viatu vyekundu miguuni, na kabla hajakaribishwa kiti alikuwa ameshasema kwamba ameolewa.

"Umeolewa na nani, wewe?"

"Na fundi saa. Mwanamume anashinda kutwa kimya akichungulia vitu vidogo vidogo. Nimepumzika, dada."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakaambiana yote, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Bi Stoo alikuwa amejifunza kulala mchana, jambo ambalo zamani aliliona ni la wagonjwa na wezi. Alikuwa ameanza kuimba kwenye kikundi cha wanawake ingawa sauti hana na wala hajali. Kijana wake mkubwa, yule aliyemtoa machozi miaka yote, sasa ana gereji yake na humletea mama yake nanasi kila anapopita. Mama Bwalo naye akamweleza raha za dirishani na za kula umekaa, na chai ilipoongezwa akamweleza ya hospitali na ya hiyo Jumapili.

Bi Stoo hakutoa ushauri wowote. Alisema ana njaa, wapike chakula cha watu wawili. Akavuta kiti karibu na pazia, macho yake yale yale ya stoo yakimfuata mwenzake mkononi. Mama Bwalo alipima mchele kwa kikombe, sawasawa, akaumimina kwenye ungo aanze kuuchagua. Soga likaendelea. Wakiwa katikati ya habari za mwalimu mkuu wa zamani, ambaye sasa anafuga sungura na anaongea nao kwa ukali ule ule, mkono wa Mama Bwalo ukarudi wenyewe kwenye mfuko wa mchele, ukachota, ukamimina.

"Huo wa nani?" Bi Stoo akauliza.

"Upi?"

"Uliouongeza sasa hivi. Sisi tuko wawili. Huo wa nani?"

Mama Bwalo akautazama mkono wake uliojaa vumbi la mchele. Wallahi hakujua kama umeondoka. Akataka kusema ni wa akiba, akataka kusema pengine mtu atapita, na yote mawili akayaacha. Akasema ukweli. Mwaka wake wa kwanza kazini chakula kiliwahi kuisha foleni haijaisha. Msichana wa mwisho alifika na sahani yake, akaambiwa hakuna, akasema asante, akaondoka. Angelia au angetukana ingekuwa nafuu, lakini alisema asante. Tangu siku hiyo Mama Bwalo hakukubali tena kuona chini ya sufuria watu wakiwa bado wamekaa.

"Kumbe ndiyo sababu ulikuwa unaniibia mchele mbele ya macho yangu," Bi Stoo akasema. "Lakini yule msichana leo ni mtu mzima, dada, pengine ana wajukuu. Alishakula."

Mama Bwalo akauchota ule mchele alioongeza akaurudisha mfukoni, akapangusa na punje zilizong'ang'ania kiganjani, na kazi hiyo ndogo ilimchosha kuliko kusugua masufuria yote ya shule. Wali ulitoka mzuri, wakaumaliza. Wakati wa kuaga, Bi Stoo alisema waziwazi kwamba bado ana nafasi tumboni. Alilisema makusudi, ili mwenzake alisikie na aone kwamba halimuui. Mama Bwalo hakufa, ingawa usingizi wa siku hiyo haukuwa mtamu.

Siku zilizobaki aliuuliza mkono wake swali lile lile kila alipopika. Huo wa nani? Kuna siku mkono ulishinda, na kuna siku alishinda yeye. Alijifunza kusimama karibu na sufuria yake bila kugeuka, kupunguza moto mapema, kutia chumvi kwa ncha za vidole. Fundi naye, kwa kuwa njaa haina mchezo, akajifunza kukaanga mayai, na akaanza kujisifu uchochoro mzima.

Jumapili ya mwisho binti alifika mapema kuliko walivyopatana, ametoka zamu ya usiku, na kwapani ana mifuko mikubwa mitupu ya kuhamishia nguo. Hakuficha nia yake. Alifunua kila kifuniko, akafungua kabati, akainama hata chini ya kitanda. Mama Bwalo alimwacha akague mpaka achoke, kisha akamwambia akanawe mikono.

Walikula dirishani, wali na mchuzi wa nyama na mchicha kidogo. Binti alikuwa na njaa ya mtu aliyekesha. Katikati ya tonge akamwambia mama yake kwamba hospitalini wanataka kumpa kazi ya kusimamia wodi, na hajamwambia mtu yeyote, hata mumewe, kwa kuwa anaogopa hataiweza. Mama Bwalo akamwambia ataiweza, na asipoiweza leo ataiweza mwezi ujao, akili ya kazi inakuja ukiwa ndani ya kazi. Binti akatabasamu, akafuta sahani yake ikawa nyeupe, kisha akaisogeza mbele.

"Mama, niongezee kidogo."

Mkono wa Mama Bwalo ulikuwa umeshafika kwenye kifuniko kabla hajakumbuka kilichokuwa ndani. Mtoto wake wa kumzaa, ametoka kazini, anaomba chakula mezani pake. Mkate ulikuwepo. Mayai yangepatikana kwa fundi, angebisha hodi tu. Miguu ilitaka kuinuka. Akaikatalia, akakaa.

"Kimekwisha," akasema.

Binti alimtazama kana kwamba hakusikia. Akafunua sufuria mwenyewe, akachungulia. Ndani palikuwa na punje chache na alama za kijiko.

"Ulisema cha watu wawili," Mama Bwalo akaongeza. Alikuwa anaona aibu, na alikuwa anaona fahari.

"Mama. Tangu unizae sijawahi kukusikia ukisema kimekwisha." Binti akarudisha kifuniko taratibu. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na alikuwa anacheka. Akaiokota ile mifuko mitupu, akaikunja ikawa midogo kabisa, akaisokomeza ndani ya mkoba. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa, kama Jumapili ijayo anaweza kuja tena.

"Njoo," Mama Bwalo akasema. "Lakini useme mapema. Usiposema, hujapikiwa."