Aking'ata, Sema Haki

Siku yangu ya kwanza kazini, mapema miaka ya tisini, nilikabidhiwa koti la kahawia, viatu vya mpira na sanduku la barafu, kisha nikapelekwa mtaa wa Makongeni kuchanja mbwa. Nilikuwa msaidizi wa mifugo, cheo cha chini kabisa katika ofisi yetu. Kwetu Ukambani nilikua na mbwa, lakini sikuwa nimewahi kumshika mbwa wa mtu nisiyemjua.

Msimamizi wa Chanjo, mzee asiyecheka ovyo, alinitazama nikivuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Mama Mwende," akaniambia, "mbwa haogopi sindano. Anaogopa mkono unaotetemeka."

Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeijua kazi. Mwenye mbwa anamshika kichwa na kumsemesha. Wewe unakunja ngozi ya shingo, unachoma, unampaka rangi mgongoni asije akachanjwa mara mbili, unaandika cheti. Chanjo haitoki kwenye barafu mpaka wakati wake. Ikipata joto, unamchoma mbwa maji matupu.

Lakini mbwa walioletwa walikuwa wachache. Watoto waliwaficha. Mtaani ilisemekana kwamba mbwa akiingia mikononi mwetu harudi. Tulipita na kipaza sauti, tukabandika matangazo, wapi! Ndipo nikakumbuka kwamba mtoto hasomi tangazo, ila shairi atalikariri hata akiwa anaruka kamba. Nikaketi na kutunga:

*Mbwa wangu ni rafiki, mlinzi wa mlangoni,*
*Mkiawe hauchoki, nikitoka masomoni,*
*Akichanjwa hateseki, hupata kinga mwilini,*
*Aking'ata, sema haki, usifiche abadani.*

Mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane. Neno "mbwa" nililihesabu mizani mbili, kama linavyotamkwa. Mstari wa mwisho ndio uliobeba kazi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna daktari wa kukirudisha nyuma. Aliyeng'atwa huokolewa na maji, sabuni na sindano za mapema, basi.

Nilimpelekea Daktari wa Mifugo, mkuu wetu, aidhinishe nakala za shuleni. Alisoma, akavua miwani.

"Serikali imekuajiri kuchanja au kutunga nyimbo?"

"Kuchanja, Daktari. Lakini siwezi kuchanja mbwa aliye chini ya kitanda."

Alivaa miwani tena, akatia sahihi. "Mara moja tu," akasema.

Wiki chache baadaye watoto wa Makongeni walikuwa wanaliimba shairi lile kila kona. Mbwa wakaanza kuja, wengine wamevutwa kwa mishipi ya suruali za baba zao.

Alasiri moja akaja msichana peke yake, bila mbwa. Aliitwa Nekesa, wa miaka kumi hivi, binti wa mfanyakazi wa kiwandani aliyetoka magharibi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kipande cha leso.

"Anti," akasema, "ile poem inasema aking'ata, sema haki. Nimesema. Lakini msiniulie Tomi."

Tomi alikuwa amemng'ata siku iliyotangulia. Nyumbani hakumwambia mtu. Nilimwosha kidonda kwa sabuni chini ya bomba, robo saa nzima, yeye akilia na mimi nikimwimbia mishororo mitatu ya kwanza. Tulipita kwao kumchukua mama yake, tukaenda hospitalini, akaanza sindano.

Tomi tulimfunga kwenye banda la ofisi. Sheria ya kazi ni siku kumi: mbwa aliyeng'ata huangaliwa, na akizipita akiwa mzima, hana ugonjwa. Kila alasiri Nekesa alikuja, akasimama nyuma ya mstari niliomchorea, akamkariria shairi. Siku ya kwanza na ya pili Tomi alitikisa mkia. Siku ya nne taya lake lilining'inia, mate yakimdondoka, na maji yakamshinda kumeza. Nilimwambia Nekesa asije kesho yake. Alikuja. Tomi alikuwa amekufa asubuhi.

"Umenidanganya," akaniambia. "Shairi inasema hateseki."

"Akichanjwa, mwanangu. Tomi hakuwa amechanjwa."

Alitazama banda tupu. "Siku ya kuchanja nilimficha chini ya kitanda," akasema. "Nilijua mtaenda na yeye."

Nilimshika mkono ule mzima, nikamrudisha kwao kwa miguu. Alimaliza sindano zote. Mwishoni mwa muhula mwalimu wake aliniletea karatasi yenye mishororo miwili:

*Tomi wangu hukuchanjwa, nilikuficha uvungu,*
*Mkono wangu wachanjwa, we ukarudi kwa Mungu.*

Daktari alipoisoma hakuuliza tena kuhusu nyimbo. Alitoa karatasi za ofisi, zote zilizokuwa kabatini, akasema tuchape ya mtoto pamoja na yangu. Mwaka uliofuata foleni ya mbwa ilizunguka viwanja. Nekesa alisimama mbele, hana mbwa, akiwaonyesha wadogo namna ya kushika kichwa. Hakunisemesha.

Nilihamishiwa Kariokor, kisha ofisi za Embakasi, nikapanda hadi kuwa msimamizi, nikastaafu nikiwa huko. Walimu vijana hunijia Tassia, ninakoishi, wakitaka mashairi ya mbwa kwa ajili ya watoto: mkia, uaminifu, urafiki. Ninawatungia. Ila huwaambia kwamba mtoto hulichukua neno lako lilivyo na kwenda kuishi nalo, kwa hiyo usimpe zuri ukamnyima la kweli. Mimi nilimpa Nekesa yote mawili, na la kweli, lile la kusema haki, ndilo lililomuumiza: alisema, Tomi akafia mikononi mwetu.

Hakunisamehe, na sikumwomba anisamehe. Mara ya mwisho nilimwona Jogoo Road, msichana mkubwa, amebeba vitabu, anavuka barabara upesi upesi. Nilisimama nikamtazama mpaka akafika ng'ambo.