Kazi ya Kutojua

Watu wengi huajiriwa kwa kile wanachokijua, au angalau kwa kile walichodanganya kwamba wanakijua. Mama huyu aliajiriwa kwa kile asichokijua, na kazi yenyewe aliifanya kwa bidii mpaka nusura aizike kampuni nzima.

Zamani alikuwa mshona mapazia. Nusu ya madirisha ya mtaa wao yalikuwa yamevaa kazi ya mikono yake. Mume akafariki, mwanawe akamwita aje kuishi kwake, na kwa mapenzi makubwa aliyokuwa nayo mwana huyo, cherehani ya mama yake akaigawa kwa watu ili mama asichoke. Mkwe naye hakuwa nyuma kwa mapenzi. Mama akishika ufagio: "Acha mama, pumzika." Akishika sufuria: "Mama jamani, si nimesema upumzike?" Akikaa tu: "Mama, unaumwa?" Basi akawa anapumzika kuanzia asubuhi mpaka jioni, na katika maisha yake hakuna kazi iliyowahi kumchosha kama hiyo. Pale kwenye kochi alikuwa sawasawa na mto wa kochi, ila mto mara mojamoja hukung'utwa vumbi.

Aliyemtoa kwenye kochi ni mtoto wa mdogo wake, kijana mwembamba ambaye kazi yake ni kuchora kurasa za simu. Usidhani anashika brashi. Anakaa mbele ya kompyuta, anasogeza kitufe kushoto, anakitazama, anakirudisha kulia, jioni anakwenda nyumbani hoi. Kampuni yao ilikuwa imepewa kazi na chama cha wenye hoteli. Kulikuwa na aplikesheni ya watalii, ya kutafutia vyumba na waongozaji, na watalii walikuwa wanaifungua, wanahangaika nayo, wanaifuta. Itengenezwe upya, ikasemwa, iwe rahisi kwa kila mtu.

"Mama mkubwa," kijana akamwambia, "tunatafuta mtumiaji wa kawaida."

"Ndiyo mtu gani huyo?"

"Mtu asiyejua."

"Asiyejua nini?"

"Chochote kile, mama mkubwa. Yaani wewe unafaa kabisa."

Mwingine angenuna. Yeye akaingia chumbani kutafuta viatu.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la vifaa vya bafu, kwa hiyo kuifikia teknolojia ulipita kwanza katikati ya masinki na mabakuli ya choo. Juu kulikuwa na viti vya kila rangi na ukuta uliojaa vikaratasi vya kubandika, mpaka ukuta wenyewe ulikuwa umesahaulika. Mkuu wa pale alikuwa jamaa wa suruali iliyoishia juu ya vifundo vya miguu. Vijana walimwita Maono, kwa sababu kila asubuhi alikuja nayo mapya. Alipenda sana kusema "safari ya mtumiaji". Yeye mwenyewe hakuwahi kulala hotelini ila siku za semina.

"Karibu mama, jisikie nyumbani," alisema Maono, hajui kwamba nyumbani ndiko mama alikokukimbia. "Hapa hakuna kukosea. Hatukupimi wewe, tunaipima aplikesheni. Sasa fikiria wewe ni mtalii, umefika mji mgeni. Tafuta chumba."

Mama akashika simu. "Nimefika na nani?"

Binti mmoja wa miwani akaandika haraka.

"Kwa nini unauliza hivyo, mama?"

"Mtu hafiki mji mgeni hivihivi kama kifurushi. Lazima awe na mwenyeji wake."

Wakatazamana kama watu waliochimba choo wakakuta dhahabu. Binti akaandika na kupigia mstari.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya maporomoko ya maji, na hakuna neno hata moja.

"Unaona nini, mama?"

"Maji."

"Ungebonyeza wapi?"

"Mwanangu, maji hayabonyezwi."

Alipobonyeza hata hivyo, akaletewa hali ya hewa. Akabonyeza pembeni, akajikuta amekodi baiskeli. Akashusha pumzi. Watu watatu wakaiandika ile pumzi, na baada ya dakika chache ikabandikwa ukutani kwa herufi kubwa: ANAPUMUA HAPA.

Nyumbani pumzi kama hiyo ilikuwa inaletewa kidonge na maji ya kumezea. Siku hiyo mama alirudi na mgongo umenyooka, na ofisini wakambatiza Bi Kawaida.

Shida ni kwamba Bi Kawaida alikuwa na akili zake timamu. Mpwa wake alimwekea ile aplikesheni kwenye simu yake ili azoee kushika kioo, naye akaichezea pale kwenye kochi. Mbuzi huonyeshwa njia ya zizini siku moja tu. Aliporudi ofisini mara ya pili, alikipata chumba kabla Maono hajamaliza kumkaribisha.

"Tayari," akasema, akarudisha simu.

Nyuso zilianguka. Binti wa miwani alifunika kalamu yake kama mtu aliyefiwa. Maono akamvuta mpwa kando, karibu na mashine ya kutolea nakala, ila hakumvuta mbali vya kutosha.

"Huyu ameshaiva," akanong'ona. "Tutafutie mwingine, mbichi."

Bi Kawaida akasikia. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini pale ofisini ujinga ndio uliokuwa kiti chake, na kiti chenyewe kilikuwa kinavutwa akiwa angali amekikalia. Akaliona kochi. Akamsikia mkwe: pumzika, mama.

"Hebu ngojeni kwanza," akasema kwa sauti. "Hiki nilichobonyeza ni kitu gani? Mimi nilikuwa natafuta pa kuizimia."

Ofisi nzima ikapata uhai. Kalamu zikatoka.

Tangu siku hiyo akawa fundi wa kupotea. Hakupotea ovyoovyo kama wanagenzi, alijipanga tangu nyumbani. Wiki moja alisema vitufe ni vidogo, wakavikuza mpaka kimoja kikawa kinajaza nusu ya kioo. Wiki nyingine alisema aplikesheni haina adabu, unaingia kwenye chumba cha watu bila hodi, wakaweka ukurasa wa salamu. Mtalii akawa anaulizwa kaamkaje, na asipojibu hapiti. Akasema anaogopa kubonyeza asije akaharibu, wakaweka swali: "Una uhakika?" Akasema swali hilo limemtia wasiwasi, wakaongeza la kumtuliza: "Una uhakika kweli?" Akasema mshale wa kurudi umejificha, ukahamishwa. Akasema mbona umehamishwa, ukahamishwa tena. Maono alikuwa anatembea huku na huku akisugua mikono. "Huyu mama ni hazina," alikuwa anasema. "Hakuna mtu anayekwama vizuri kama yeye."

Mpwa alikuwa anachora tu, lakini macho anayo. Jioni moja walipokuwa wanashuka ngazi akamsimamisha katikati ya masinki.

"Mama mkubwa, juzi nilikuja kwenu nikakukuta sebuleni. Umechukua chumba, umekodi baiskeli, umefuta vyote, na huku unaangalia taarifa ya habari."

"Kwa hiyo siku hizi unanichungulia?"

"Ofisini unashindwa hata kuifungua."

Bi Kawaida akapitisha kidole kwenye sinki moja kama mtu anayetafuta vumbi. "Hebu niambie, mwanangu. Mimi nikielewa, nini kinafuata?"

Kijana akafikiri. "Kazi inaisha."

"Ya nani?"

"Ya... ya wote, nadhani."

"Basi mbona unaniharakisha kuelewa?"

Kijana alitaka kukasirika, akacheka. Ana mtoto mchanga nyumbani, na mtoto mchanga haelewi habari za kazi kuisha. Hilo suala hawakuligusa tena.

Lakini wenye hoteli si watu wa kungoja mpaka Kiama. Wakatuma ujumbe: tunakuja, tuonyesheni mlichofanya, kama hakuna kitu tunawapa wengine. Asubuhi ya siku ya ujio wao Maono alimwita mpwa, mbele ya Bi Kawaida, kwa upole wake wote wa kiongozi.

"Sisi hapa ni familia," alisema. "Tukifaulu, tumefaulu wote. Tukishindwa, aliyechora ni wewe, kwa hiyo utaenda kutafuta familia nyingine."

Kijana akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Bi Kawaida akamtazama, halafu akatazama kile kiti chake cha njano karibu na dirisha. Akapima. Kochi halitamuua, akaamua. Leo lazima aelewe, na aelewe kwa haraka, wote waone, halafu arudi nyumbani akapumzike mpaka afe.

Mwenyekiti wa wenye hoteli alikuwa baba wa umbo kubwa mwenye sauti ndogo. Aliketi mbele na wenzake, simu ikaunganishwa na projekta, ukuta mzima ukawa kioo.

"Tumewaletea mtumiaji wa kweli," Maono akatangaza. "Karibu mama. Tafuta chumba."

Bi Kawaida akabonyeza kwa kidole kilichonyooka. Ukamjia ukurasa wa salamu. Umeamkaje? Akajibu salama. Salama kweli? Salama. Akatafuta kitufe cha vyumba pale alipokizoea, hakipo. Kilihamishwa wiki iliyopita, baada ya yeye kulalamika kwamba kinamkodolea macho. Akakitafuta chini, akakutana na swali kama ana uhakika. Akasema anao. Akaulizwa kama kweli. Akarudi nyuma, na mshale wa kurudi ukampeleka mbele, kwa sababu siku moja alisema mtu mzima harudi nyuma. Kila alipogeuka alikutana na uongo wake mwenyewe, umepakwa rangi na kuwekewa mshale.

Jasho likamtoka, na safari hii lilikuwa jasho halali.

"Lete nijaribu," akasema mwenyekiti. Akafika kwenye "Una uhakika kweli?" akalitazama lile swali kwa muda. "Nilikuwa nao nilipoingia," akasema. "Sasa sina."

Maono akaichukua simu kwa kicheko cha mtu anayejua. Akabonyeza, akabonyeza, akakodi baiskeli.

Hakuna aliyecheka. Wenzake mwenyekiti wakaanza kukusanya funguo za magari yao. Mpwa alikuwa anatazama viatu vyake kama vimeandikwa kitu, na kwa mbali mtu angeweza kusikia duka la chini likiburuta bakuli la choo.

Bi Kawaida akaweka mikono kiunoni. Hakuwa na mpango wowote. Alikuwa na aibu, na alikuwa bado anatakiwa kutafuta chumba.

"Samahani, baba. Wewe si ndiye mwenye hoteli?"

"Ndiye mimi."

"Una chumba?"

"Ninavyo."

"Dirisha linatazama wapi?"

"Kimoja kinatazama bustani."

"Na pazia linafunga mpaka mwisho, au linaacha ufa, jua linanipiga usoni asubuhi?"

Mwenyekiti akajikuna kidevu. "Linaacha ufa," akakiri.

"Basi nipe kingine."

"Kipo cha nyuma. Hakina mandhari, ila kimetulia."

"Mandhari nitaifuata kwa miguu yangu. Nakichukua hicho. Naja na mdogo wangu, mtuwekee vitanda viwili, anakoroma."

"Karibuni sana," akasema mwenyekiti, na alikuwa ameshachomoa kalamu mfukoni ndipo akakumbuka kwamba hakuna mgeni.

Watu wakabaki wanatazamana. Na hapa tumpe Maono haki yake: jamaa huyu hajawahi kuacha kimya cha watu kipotee bure.

"Mmeona?" akasema, akasimama. "Hicho hasa ndicho tulichotaka mkione. Zile kurasa zote tulizijenga makusudi, kuthibitisha kwamba mtumiaji hataki kurasa. Mtumiaji anataka mtu." Akafuta ubao kwa kiwiko, akachora duara moja. "Kitufe kimoja. Unabonyeza, unaongea."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa taratibu, akaomba aelezwe tena, akaelezwa tena. Hivyo basi, baada ya kuchora na kufuta, baada ya ukuta mzima wa vikaratasi na maono ya kila asubuhi, wataalamu wakavumbua simu. Wakapiga makofi. Mpwa, aliyeamka akiwa mtu wa kufukuzwa, mchana akawa anapongezwa kwa kulichora lile duara. Na tusimnyime, lilikuwa duara zuri.

Likabaki swali dogo: mtalii akibonyeza, nani ataongea naye? Vijana wakakimbiana kwa macho. Hakuna hata mmoja aliyependa kuongea na watu, ndiyo maana wakasomea kompyuta. Mwishowe macho yote yakatua kwenye kiti cha njano.

"Mama, utaweza?" akauliza Maono.

"Nitajaribu," akajibu Bi Kawaida, kwa unyenyekevu ambao hakuwa nao.

Nyumbani mkwe aliposikia alishika kifua. "Kila siku, mama? Si itakuchosha?"

"Itanichosha sana," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ahamie pale kuonekana amefurahi hivyo. Mwanawe akataka kusema neno, mama akamwomba ampishe, anatafuta nguo ya kuvaa kesho.

Siku ya kufungua rasmi alifika mapema, akajipangia meza, akafuta simu ya mezani kwa kitambaa, akakaa. Asubuhi yote haikulia. Vijana walipita wakijifanya hawaitazami. Binti wa miwani akamletea chai, akasema wakati mwingine mambo huanza polepole. Bi Kawaida akasema yeye hana haraka, na akaendelea kuitazama simu kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

Ilipolia, alivaa miwani yake, akanyoosha kola, akaweka mkono juu ya mkonga wa simu. Hakuunyanyua. Aliiacha iite kidogo, ofisi nzima isikie.