Wali Hausongwi

Mnisamehe kwanza, ndugu wasomaji, kwa mwandiko wangu unaopanda na kushuka, na kwa makosa ya herufi mtakayoyakuta. Niliishia darasa la nne, na karatasi hizi nimeziandika kwa siku tatu. Kusema mbele za watu siwezi kabisa. Hata dukani huonyesha kwa kidole. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu nilipokwenda Ruangwa mwezi uliopita kumtazama dada yangu aliyejifungua, nikaona nikiliandika huenda litashuka.

Pale sokoni Ruangwa kuna mama anayeuza chakula. Alinipakulia rundo la wali wa njano, umeshikana kama uji uliolala, akaniambia kwa majivuno, "Huu ndio wali wa Kihindi, mwanangu. Ule wenyewe." Nikamega tonge moja. Karanga! Nilinawa mikono nikaondoka. Wali wa Kihindi! Yule mama hajui hata mlango wa jiko ulikotoka.

Mimi naujua. Nilipokuwa na umri wa miaka kama kumi, bibi aliyetulea mimi na dada pale Chiola alikuwa na mteja wake Nachingwea, mke wa Mhindi mwenye duka. Miaka ile Nachingwea ilijaa matrekta ya mashamba ya karanga na maduka mapya ya mabati, na kila mtu alikimbilia kupeleka kuku na mayai. Bibi alipeleka mboga tu, mbaazi mbichi, viazi na biringanya, maana jikoni kwa yule mke wa Mhindi nyama haikuingia. Alisema kwao ni kaskazini ya India, mbali na bahari. Kiswahili chake kilikuwa maneno thelathini, cha bibi labda arobaini, kwani bibi hata ndoto aliota kwa Kimwera. Basi walifundishana kwa mikono.

Mikono ile naiona mpaka leo. Mchele huoshwa mpaka maji yaonyeshe kidole, kisha huachwa ulowe. Samli ikiyeyuka katika sufuria, hutangulia bizari nyembamba, nzima, haitwangwi. Ikianza kurukaruka hufuata karafuu, mdalasini na iliki, halafu vitunguu mpaka viwe rangi ya udongo mwekundu wa Nachingwea. Ndipo mboga zote, manjano kidogo sana, mchele, na maji ya kupita juu yake kiungo kimoja cha kidole. Unafunika, unapalia makaa juu ya kifuniko, unakaa mbali. "Mvuke ni mgeni," bibi alisema. "Ukimfungulia mlango anaaga." Na tena alisema, "Wali hausongwi." Ukiiva, kila punje imesimama peke yake, na harufu yake tulikuwa tukienda nayo shuleni kwenye nguo.

Watu wa Chiola walimcheka. Kisimani wanawake walisema, "Wali bila nyama! Bibi huyu kawa Mhindi, kesho atafungua duka." Watu waliodhani dunia inaishia kwenye mafiga yao! Bibi alijitwisha mtungi wake akaenda zake.

Ndipo dada akaposwa na kijana wa Ruangwa. Mama wa kijana akasema, na maneno yakatufikia, kwamba Chiola hawajui kupika ila mihogo, mwanawe atakonda. Atakuja mwenyewe kuonja chakula cha nyumbani kwetu, ndipo akubali au akatae. Dada alilia, maana alimpenda yule kijana. Bibi alisema tu, "Aje." Akatembea mpaka Nachingwea kufuata viungo, akarudi navyo kwenye pindo la kanga.

Siku yenyewe ilipofika, bibi alipika kama nilivyoeleza. Alipokwisha kupalia makaa, akaenda kuoga na kusali adhuhuri. Akaniambia, "Kaa hapa. Mtu asifunue."

Akaja shangazi, binti yake bibi, mwanamke mwenye sauti kubwa, na sauti ile ndiyo ilikuwa akili yake yote. Akafunua.

"Ala! Mbaazi, biringanya, na karanga ziko wapi? Mama kazeeka, jamani. Atatuaibisha!"

Kwetu, wasomaji, mboga isiyotiwa karanga za kutwanga ni mboga ya mkiwa. Shangazi hakuona wali mle ndani, aliona mboga.

"Na wewe, mbona umenitumbulia macho kama bundi? Una neno?"

Nilikuwa nalo. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Akaleta bakuli zima la karanga zilizotwangwa, akamwaga, akaongeza maji, akashika mwiko akausonga wali ule kama ugali, huku anaimba.

Bibi aliporudi alisimama mlangoni. Hakuhitaji kuchungulia, harufu ilikwisha kumwambia.

"Nani?"

"Mimi, Mama. Nimekuokoa."

Bibi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Afadhali angenichapa.

Wageni walikuwa wamekwisha kufika uani, chakula kikapelekwa hivyo hivyo. Mama wa kijana akamega tonge, akatafuna taratibu, akafumba macho. Dada alikuwa ameshika nguzo ya mlango.

"Ee mkwe!" akasema yule mama. "Huu sasa ndio wali! Kapika nani?"

"Ni mimi, mkwe," shangazi akajibu upesi.

Alikula akalamba vidole, akaomba na wa kubeba. Posa ikapokelewa siku ile ile. Dada alicheka kwa furaha, na yeye simlaumu. Bibi alikaa kwenye mkeka, mikono magotini. Mtu akamwuliza, "Bibi, mbona huli?" Akajibu, "Meno yananiuma." Meno yake yalikuwa mazima yote.

Hakuupika tena. Shangazi ndiye aliyeupika, kila harusi, Chiola mpaka Mnero, akawafundisha wakwe zake wa Ruangwa, na kila mmoja akamfundisha mwenzake kukosea. Walimsifu sana. Mtu asiye na ulimi wa kuonja, hata sifa yake ni tusi. Nawadharau wote, nasema kweli, kuanzia shangazi mpaka yule mama wa sokoni. Na chini yao, kwenye masizi, namweka yule mtoto aliyeambiwa akae alinde, akalimeza neno lake.

Mashamba ya karanga yalipoachwa, mwenye duka na mkewe walihama, na duka limebaki kuta. Bibi tulimzika mwaka juzi. Wiki iliyopita nilijifungia jikoni nikapika peke yangu. Sikufunua. Punje zilisimama moja moja, nikafurahi. Lakini nilipoonja, sikujua kama ndio wenyewe. Nimekula harusi nyingi mno za shangazi. Ulimi wangu umesahau, na hakuna aliyebaki wa kuniambia ndiyo au siyo.

Basi, msomaji, kama uliwahi kula wali ule kwa mtu aliyeujua, niandikie, hata kwa mwandiko mbovu kuliko wangu. Niambie tu ulikuwa na ladha gani.