Sifa za Mzee Zubeir

Sisi watu wa Mambrui tuna ada moja: mtu akishakufa, hatumtaji ila kwa wema. Hata aliyekuwa mkorofi, akitiwa mchangani tu huwa mpole. Mzee Zubeir hakuhitaji kusaidiwa na mauti. Alikuwa mwema kweli, na wema wake huo ndio uliomponza bintiye.

Binti mwenyewe ni Tumu, jirani yangu. Aliolewa, akaachwa, akarudi kwa babake angali kijana, na tangu hapo maisha yake yakawa shamba la kando ya mto Sabaki. Mahindi, kunde, migomba. Udongo wa pale ukiutupia mbegu huna haja ya kuibembeleza. Taabu ni viboko. Hutoka mtoni giza likiingia, na akipita mmoja tu, asubuhi utadhani watu wamechezea ngoma mle shambani. Kwa ajili yao mzee alikuwa na dungu la kulindia na bunduki ya marisau yenye cheti cha serikali. Kiboko hapigwi, sheria hairuhusu. Risasi hupigwa hewani, naye akisikia mlio hurudi majini.

Mzee alifariki mwaka wa themanini na nne, kwa maradhi ya kifua. Siku chache baada ya mazishi askari alikuja kuichukua bunduki, kwa kuwa cheti cha marehemu hakimfai aliye hai. Akasema mrithi anayeitaka aende kituoni Malindi akaombe iandikishwe kwa jina lake.

Warithi walikuwa wawili tu, Tumu na nduguye mdogo Abdillahi, mfanyakazi wa hoteli moja ya Kikambala. Kwa mirathi yetu mwanamume hupata mafungu mawili na mwanamke moja, basi kauli ya shamba ilikuwa ya Abdillahi. Matanga yalipoondolewa akamwita dadake.

"Dadangu, mimi kulima siwezi, wala sipendi kukutoa," alisema. "Lakini bila bunduki shamba lile ni la viboko. Ukipata cheti, kaa nalo maisha yako yote. Usipopata, tuuze."

"Nitapata," alisema Tumu.

Akaanza kuhangaika. Shahada ya kifo, ridhaa ya nduguye, barua ya chifu. Huyo chifu alimwambia njoo kesho mpaka kandambili zikamkatikia njiani. Tumu hakulalamika. Mtu asiye na pengine pa kwenda huwa na subira ambayo wengine tunaiita upole.

Hatimaye wakaitwa, yeye na Abdillahi, mbele ya inspekta mmoja aitwaye Laban, mtu wa bara. Yaliyopita mle ndani nimeyapata kwa Tumu mwenyewe. Anasema Laban alikuwa muungwana. Aliwapa viti, akasoma karatasi zote, akaridhika.

"Mama, hapa sioni shida," alisema. "Kuna mtu atakufundisha kushika silaha. Ukishajua, unapewa cheti."

Abdillahi akashusha pumzi. Mambo yalikuwa yamekwisha, na yangekwisha kweli, lau Laban angekuwa na adabu pungufu kidogo kuliko ile aliyokuwa nayo. Alilifunga faili, akasema, "Pole kwa kufiwa, mama. Mzee alikuwa mtu wa namna gani?"

Mtu mwingine angejibu kwamba alikuwa mtu mzuri, akaaga. Kwetu swali hilo ni haki ya maiti, na ukilijibu kwa mkato umemdhulumu. Tumu akaliweka vizuri buibui lake, akaanza. Akasema jinsi babake asivyokula mpaka ajue jirani amekula. Akasema jinsi alivyosuluhisha magomvi ya watu.

"Na subira yake, bwana mkubwa," aliendelea. "Macho yalimwisha miaka mingi kabla ya kufa, kwa mtoto wa jicho, hata mkonowe hauoni. Lakini kulinda hakuacha. Tulikuwa tukikaa dunguni, yeye akisikiliza. Akisema, 'Tumu, huyo kwenye migomba, mpigie,' nami nampigia. Hakukosea hata mara moja."

Abdillahi alimkanyaga mguu. Tumu akadhani ni bahati mbaya, akausogeza.

"Nani alikuwa anapiga?" aliuliza Laban.

"Mimi."

"Na kuja hapa kila mwaka kuongeza muda wa cheti?"

"Alikuja mwenyewe. Nilikuwa nikimshika mkono hadi mlangoni, kisha nikimwachia, aingie kwa miguu yake amwamkie afisa. Alikuwa na heshima zake."

Laban akaweka kalamu chini. Karani wa meza ya pili naye alikuwa ameacha kuandika.

"Mama, ungeishia kwenye zile habari za majirani," alisema Laban. "Marehemu alichukua cheti akiwa kipofu. Wewe umetumia silaha bila ruhusa. Sitakushtaki. Lakini nimesikia, na huyu amesikia. Siwezi kukupa. Bunduki itabaki hapa."

Njiani, walipovuka daraja la Sabaki, Abdillahi akamgeukia dadake.

"Nani alikuuliza habari za dungu?"

"Aliniuliza babangu alikuwa vipi."

"Ungesema alikuwa mtu mwema, basi."

"Hiyo husemewa mtu usiye na la kumsemea," alijibu Tumu.

Niliposikia nilipandwa na hasira, na mpaka leo sijui nimkasirikie nani. Laban alifanya kazi yake. Marehemu hasemwi. Na Tumu, nimlaumu kwa kumpenda babake?

Msimu ule viboko walikula mpaka wakachoka. Abdillahi akaja na vibarua, akalivunja dungu, akaugeuza udongo wa shamba lote ili uharibifu usionekane, kisha akamleta mnunuzi. Alikuwa Mwikali, mjane wa Kikamba, muuza mboga wa sokoni Malindi, aliyejinyima miaka mingi apate mahali pa kulima mwenyewe. Alishika udongo, akaunusa, akafurahi. Kisha akampita Abdillahi, akamwendea Tumu.

"Mama, wewe ndiye umekaa hapa," alisema. "Huu mto hauna wanyama wa kuharibu? Nikiweka pesa zangu hapa, sina zingine."

Tumu alimtazama nduguye, akautazama mto.

"Hauna," alisema.

"Na hizi nyayo huku matopeni?"

"Za ng'ombe wa watu. Huja kunywa maji."

Mwikali akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante. Huko sokoni wananiambia baba yako alikuwa mtu wa kweli. Ndiyo maana nimekuuliza wewe."

Tumu akautoa mkono wake taratibu, akasema jua limekuwa kali, akatangulia njiani.