Madirisha Yaliyoliwa na Mbuzi

Uji wa muhogo ukianza kuchacha hutoa harufu kali inayokaa puani, na mimi mpaka leo nikiinusa naona aibu. Uji huo ndio uliokuwa gundi yetu darasa la pili, mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Rudewa. Shule ilikuwa na matundu ya madirisha bila vioo. Mwalimu Zena, aliyekuwa na moyo kuliko vifaa, akatufundisha kutengeneza vioo vya rangi: unakata maumbo ya nyota na majani kwenye boksi, unabandika kwa nyuma karatasi za daftari zilizotiwa rangi ya bizari, hina na majani ya kunde, kisha unazipaka mafuta ya ufuta mpaka mwanga upenye. Dirisha la Naserian, binti wa wafugaji niliyekaa naye dawati moja, lilikuwa zuri kuliko yote. Aliniambia mwenyewe kwamba baba yake alikubali shingo upande asome, na kwamba akisikia lawama moja tu angemrudisha kuchunga ndama.

Siku moja kabla ya kuja mgeni kutoka wilayani, Mwalimu Zena alinituma niyaanike madirisha uani na niyalinde. Mimi nikaenda kucheza rede. Niliporudi, mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji walikuwa wanamalizia boksi la mwisho. Uji ule tuliutia chumvi ili usiharibike upesi, na mbuzi kwa chumvi hawana adabu. Nikawafukuza, nikanyamaza.

Mwalimu mkuu alipouliza, sauti ikatoka nyuma: “Mbuzi wa kina Naserian, wa nani tena?” Darasa zima likaitikia. Akanigeukia mimi niliyekuwa mlinzi.

“Uliwaona? Ni wa kwao?”

Naserian aliniangalia. Mbuzi wao walikuwa malishoni ng’ambo ya mto tangu wiki iliyotangulia, na mimi nilijua. Lakini nilimwogopa mwenyekiti, na zaidi niliogopa kuulizwa nilikuwa wapi.

“Ndiyo, Mwalimu,” nikasema.

Kesho yake baba yake aliitwa. Hakugombana na mtu. “Twende, mama,” alimwambia binti yake, wakaondoka kabla mgeni hajafika.

Siku hizi wajukuu wangu hutengeneza madirisha kama yale kwa karatasi za plastiki za dukani, na kazi huisha kabla chai haijapoa. Wakulima na wafugaji nao wamefika kwenye mapanga, na shamba likiliwa hakuna anayesubiri kuuliza ni mifugo ya nani. Nikiwasikia nachukia, halafu najichukia.

Mwaka juzi nilikutana na Naserian hospitalini Kilosa. Alinitambua upesi, akaniulizia watoto, kisha akanipa cheti chake cha dawa.

“Nisomee, dada, wewe uliyesoma.”

Hakuwa akinisuta, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikamsomea: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Nikarudia mara mbili asije akasahau. Habari ya mbuzi sikuitaja.